Bati la Deogratias

Kama ningetaka kutunga, ningetunga kisa ambacho mimi naonekana mtu mwema. Hiki hakinipendezi hata mimi mwenyewe, na nakusimulia kwa sababu kilitokea, mchana kweupe, na mwanamke mmoja wa Pito mpaka leo ananiuliza swali nisiloweza kulijibu.

Mimi kwetu ni Mbeya. Nimehamia Sumbawanga miaka mingi, nakaa Kizwite, na kazi yangu ni kununua dagaa na migebuka Wampembe, kule chini ziwani, na kuwapandisha huku juu kwenye baridi. Barabara ya Wampembe unaijua? Ukishaacha mashamba ya ulezi, nchi inakatika na barabara inaporomoka pamoja nayo. Mawe yamesimama katikati ya njia yakisubiri tumbo la gari lako. Msimu ule yalikuwa yamenitoboa sampo mara mbili, lile bakuli la mafuta ya injini. Mara ya pili injini ilinusurika kufa kwa sababu dereva wangu, Sixtus, aliizima haraka kabla haijakauka.

Huyu Sixtus ni Mfipa wa Pito, hapa jirani. Kumwita dereva wangu ni kumpunja. Tulikuwa marika, tulikula sahani moja, na mtoto wake wa tatu alimpa jina langu. Aliniita kaka nami nikamwita kaka. Yeye ndiye aliyesema tusishuke tena Wampembe bila kufunga bati la kukinga tumbo la gari.

Tukaenda kwa Dismas, fundi wa kuchomelea pale Kizwite. Dismas ni mtu wa maneno mengi, lakini chuma anakijua. Akatuwekea mabati matatu chini. La kwanza lilikuwa jembamba. Hilo, alisema, linafaa kuzuia tope na kuku. La pili lilikuwa la aluminiamu, jepesi, halilemei springi za mbele, ila jiwe lenye pembe likiligonga mara kadhaa linapasuka. La tatu alilitoa nyuma ya banda akiwa amelikokota kwa mikono miwili. Lilikuwa chuma kinene, kizito, cheusi, limepinda kidogo mbele kama ulimi wa jembe. Mpindo huo ndio unaotakiwa, ili gari likikutana na jiwe lisikwame bali liteleze juu yake.

“Hili lilikuwa chini ya lori,” Dismas akasema. “Lile lililoanguka mteremko wa Wampembe. Nimenunua chuma chakavu chake. Lakini hili bado siliuzi.”

“Kwa nini umelitoa basi?” nikamuuliza.

Akasema lori lilimlalia dereva wake, Deogratias, kijana wa Wampembe, na bati lile ndilo lililomkalia kifuani. Mvua zilikuwa zimefunga njia, hivyo akazikwa huku mjini, mbali na kwao. Mama yake alituma neno kwamba bati lisiuzwe mpaka ndugu wapande, walimwagie pombe ya ulezi na kulitaja jina la marehemu juu yake, halafu walishushe nyumbani. Wangefika Jumapili.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Wavuvi walishanipigia simu kwamba dagaa wangu wameanikwa na mawingu yanakuja. Unadhani nilisubiri Jumapili? Nilicheka. Nikasema chuma ni chuma, hakijui jina la mtu. Nilimkalia Dismas kooni mpaka akakubali, nikamwambia ndugu wakija awape lile la aluminiamu. Niamini, nilitamka hivyo kwa mdomo huu huu.

Sixtus hakucheka. Alisema, “Kaka, tuchukue la aluminiamu sisi.” Nikamwambia Wafipa kwa uoga hawajambo. Akainama, akamshikia Dismas taa huku fundi akitoboa matundu ya bolti, na tundu kubwa la kumwagia mafuta machafu. Likafungwa, likakaa kana kwamba lilikatwa kwa ajili ya gari langu.

Tulishuka kesho yake. Saa nane mchana tukaingia kwenye ukungu pale mteremko unapoanza. Kwenye kona moja mtu alikuwa amesimama katikati ya njia. Sixtus akafunga breki. Nilidhani anaomba lifti, nikajiandaa kumkatalia, lakini hakuja dirishani. Alichuchumaa mbele ya gari, akatazama chini ya bampa, akaanza kupiga makofi polepole, kwa viganja vilivyokunjwa kidogo, vile Wafipa wanavyomwamkia mtu wa heshima. Aliliamkia gari.

Sixtus alizima injini, akashuka, naye akachuchumaa akamjibu kwa makofi yale yale. Wakasemezana Kifipa. Mimi nilishuka nikiwa na hasira, kwa sababu mimi nikiogopa huwa nakasirika. Shati la yule mtu lilikuwa limelowa oili kifuani, na ukungu ule uliotulowesha sisi haukuwa umemgusa hata nywele.

“Anasema bati ni lake,” Sixtus akaniambia bila kuniangalia. “Anaomba tumfikishie kwa mama yake.”

Yule mtu akanigeukia. Kiswahili chake kilikuwa kizuri tu, cha taratibu.

“Bosi, nimechoka kulala chini ya gari.”

Ungefanya nini wewe? Mimi nilifanya nililozoea kwa wateja wasumbufu. Nilimwahidi. “Sawa, tukifika Wampembe tunalifungua, tunampa mama yako. Tupishe.” Akaitika kwa kichwa. Nilipopanda na kufunga mlango, kona ilikuwa tupu. Upande mmoja ni mwamba, upande mwingine ni korongo, na majani ya ukingoni hayakuwa yamekanyagwa.

Sixtus aliendesha huku midomo yake ikisali. Hatukufika mbali, jiwe kubwa likatupata chini kwa kishindo. Nilifumba macho nikijua sampo imekwenda. Bati likapanda juu ya jiwe, likateleza, tukashuka upande wa pili salama. Hapo, ndugu yangu, ndipo nilipoharibu. Hofu yote ilinitoka ikaingia tamaa. Nilijiambia bati kama lile sitalipata tena.

Wampembe tuliulizia, na kweli mama wa marehemu Deogratias alikuwepo, anaishi karibu na kanisa. Sixtus alikwenda kumwamkia. Mimi sikwenda, nilikuwa nafunga magunia. Asubuhi nilimkuta Sixtus ameshatandika turubai chini ya gari, spana mkononi.

“Tukilitoa hapa tutapandaje na mzigo?” nikamuuliza.

“Polepole, kaka. Nitashuka niwe naangalia kila jiwe, wewe uendeshe.”

“Wiki ijayo tutalileta.”

“Kaka, ulimwahidi.”

“Nilimwahidi nani? Mzimu?” Wapakiaji wakacheka. Sixtus akakunja turubai, akaingia kwenye usukani. Hakubishana. Laiti angenitukana, angeniachia mzigo wangu pale akaondoka zake.

Tulifika kona ile saa nne asubuhi, jua linawaka, hakuna ukungu. Tukasikia kitu kinagonga bati kwa chini. Halikuwa jiwe. Kilikuwa kiganja, kama cha mtu anayegonga mlango akijua wenyewe wamo ndani. Sixtus akasimamisha gari, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akasema bolti labda imelegea. Sote tulijua haikuwa bolti. Akalala chali, akaingia.

Nilisikia spana ikizunguka. Kisha nikasikia watu wawili wanazungumza kwa sauti ndogo. Miguu yake ilikuwa nje, naiona. Nilimwita mara tatu. Mara ya tatu akatoka, akajipangusa, akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekupa lifti.

“Shikamoo bosi,” akasema.

Miaka yote ile Sixtus hakuwahi kuniamkia shikamoo. Nikamshika mkono, ulikuwa na baridi ya chuma cha alfajiri. “Bati baki nalo,” akaniambia taratibu. “Mimi nimeshatoka. Naenda kwa mama.” Akaanza kuteremka kwa miguu kuelekea ziwani, hatua za mtu anayeijua njia. Nilimfuata nikilia, nikimwita kwa jina lake na kwa jina la mwanawe. Hakugeuka hata mara moja.

Nililipandisha gari peke yangu, sijui nilivyofika. Siku ya tatu nilishuka na mkewe, Gaudensia, na kaka yake Sixtus. Tulimkuta uani kwa yule mama, anashona wavu, na Sixtus hakuwahi kushona wavu maishani mwake. Mama anamwita Deo, naye anaitika. Gaudensia alipiga magoti mbele yake. Yeye akampisha kigoda, akasema, “Karibu, dada. Mmetoka mbali?”

Padre ameomba. Hospitali wamempima, wanasema akili zimepata mshtuko, zitarudi. Hazijarudi. Mimi nina imani yangu juu ya jambo hili, nawe uipokee au uiache: mmoja alitoka chini ya gari na mwingine akabaki.

Nasema hivyo kwa sababu tuliporudi kutoka kwa yule mama nililiegesha gari nyumbani Kizwite nikachukua spana ili niliondoe bati, nikalipeleke kama nilivyoahidi. Bolti ya kwanza ilipoanza kulegea, sauti ikanijia karibu na sikio, sauti ninayoijua kuliko ya ndugu zangu wa damu. “Kaka, usifungue. Nitaangukia wapi?” Nikaikaza tena. Sijaigusa tangu hapo.

Biashara ya ziwani nimeiacha. Gari limesimama uani, na madereva wanakuja kuliulizia lile bati kwa sababu sifa zake zimeenea. Nawafukuza, wananiona mchoyo. Gaudensia naye huja Jumapili akitoka misa. Hanitukani. Anasimama karibu na gari, ananiuliza, “Shemeji, mume wangu yuko wapi?”

Nawe unayeandaa gari lako kwa njia mbovu, kabla hujauliza unene wa chuma, uliza kilimkalia nani. Wenyewe wakikuambia subiri Jumapili, subiri, hata samaki wakioza. Na kama ulimi umeshakuponyoka ukamwahidi maiti, timiza siku hiyo hiyo, kwa mkono wako mwenyewe. Usimwache mwenzako aingie chini kukulipia.