Magoti ya Tulia

Mwalimu Mwanahawa alipenda kutamba kwamba madrasa yake haina mtoto mjinga. Hilo kweli. Ujinga wa siku ile aliufanya mwalimu mwenyewe.

Ni mtu wa Pangani, mke wa tabibu aliyehamishiwa Tukuyu, na kila alasiri huwafundisha watoto wadogo dini kwenye baraza ya nyumba yake, mtaa wa Msasani wa huko huko Tukuyu. Siku hiyo somo lilikuwa sala. "Tunampigia magoti Mungu peke yake," akasema, "binadamu hapigiwi." Watoto wakaitikia, naye akafunga kitabu.

Kumbe Tulia, wa miaka sita, alilibeba neno lile hadi kwao. Bibi yake, Atupele, Mkristo wa kijiji cha Kisondela, akaja na ndizi. Kwa Wanyakyusa mtoto wa kike humwamkia mkubwa kwa kupiga magoti, asipopiga, amemdharau. Tulia akasimama wima. "Mwalimu amekataza." Bibi akatua ndizi, akaondoka bila kunywa chai. Mwezi wa pili huu hajakanyaga tena, na ndiye aliyemnunulia Tulia mtandio na juzuu ya kuanzia madrasa.

Mama yake Tulia aliyasimulia haya alipokuja kumchukua mtoto, kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma Mwanahawa. Angetukanwa angepata pa kujitetea. Miaka minne anakula ndizi za watu hawa, hajawahi kuuliza wanaamkianaje. Na kwao Pangani si anabusu mikono ya wazee? Nani alimwambia anaiabudu? Wanasema majuto ni mjukuu, na huyu alikuwa mjukuu wa mwenzake.

Jumamosi akaomba ruhusa, akamchukua Tulia, wakapanda bodaboda hadi Kisondela. Bibi alikuwa mlangoni anamenya ndizi. Mwanahawa hakungoja kukaribishwa. Akapiga magoti kwenye tope, na baibui lake, akaamkia kwa Kinyakyusa.

"Mwagonile, mama. Nilimfundisha mjukuu wako vibaya. Kuamkia si kuabudu. Nisamehe."

"Inuka, mwanangu, utalowa," bibi akasema, machozi yakimlenga.

Tulia akamtazama mwalimu wake pale chini, kisha naye akapiga magoti, polepole. Bibi akamvuta kifuani. Baada ya kitambo mtoto akageuza uso.

"Mwalimu, na yale mengine uliyotufundisha?"

Mwanahawa alikuwa bado hajainuka.