Kidonge Kilichokausha Ulimi

Baada ya kujifungua mtoto wangu wa mwisho, mkojo uliacha kunisikiliza. Nikisikia tu maji yakimiminwa kwenye beseni, basi tena, sifiki chooni. Nilivaa vitambaa chini ya nguo na kufukiza unsi, ubani wetu wa kumpendezea mume, asubuhi na jioni ili kufunika harufu. Majirani zangu wa Garissa walinitania kwamba nampenda mume kupita kiasi. Nilicheka nao huku nikiona haya hadi kwenye mifupa.

Sikumwambia mtu, hata mume. Lakini binti yangu mkubwa alipochumbiwa nilishikwa na hofu. Mama wa bibi harusi atajificha wapi? Atakaa kwenye mkeka katikati ya wanawake kutwa nzima. Nikaenda hospitali.

Nilikuwa nimeletwa mjini kuolewa kutoka Bute, na Kiswahili changu wakati huo kilikuwa cha kuuzia maziwa tu. Karani wa dirishani, kijana asiyejua Kisomali, alinitazama akasema, "Mama, kadi!"

Nilihisi uso ukiwaka. Kwetu kaadi ni mkojo. Niligeuka nikakagua nguo yangu kwa nyuma, ilikuwa kavu. Amejuaje huyu? Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, "Kadi, mama! Kadi iko wapi?"

"Kaadi haishiki, walaal," nikamjibu, nikimwita ndugu. "Inatoka beke yake."

Benchi zima la akina mama Wasomali lilipasuka kwa kicheko. Mmoja alinionea huruma, akaninong'oneza kwamba karani anataka ile karatasi ngumu ya kliniki. Nilitamani ardhi inimeze.

Daktari hakucheka. Alinipa vidonge vya kutuliza kibofu, akanionya kwamba vitanikausha kinywa, na kikikauka sana nirudi anipunguzie. Nirudi? Nipite tena mbele ya benchi lile? Thubutu.

Vidonge vilisaidia, siwezi kuvisingizia. Niliweza kusikia maji yakimiminwa nikabaki nimekaa. Ila mate yaliniisha kabisa. Anjera, mkate wetu laini wa maji, niliitafuna kama turubai, na nikiongea ulimi ulinata kwenye kaakaa. Nilijikaza kisabuni, maana harusi ilikuwa karibu.

Asubuhi ya harusi nilimeza viwili badala ya kimoja, na baada ya hapo sikugusa chai wala maji. Habari ilipotufikia upande wa wanawake kwamba nikaha imefungwa, wote walinigeukia. Mama wa bibi harusi ndiye huanzisha vigelegele. Nikafungua mdomo. Ulimi haukusogea. Kilichotoka kilikuwa sauti ya mbuzi aliyekabwa.

Shangazi wa bwana harusi, mwanamke asiyemeza neno, akaniuliza mbele ya wote, "Vipi, kijana wetu hakukupendeza?"

Ningemwambia nimemeza dawa ya kuzuia mkojo? Binti yangu aliniita mama kwa kunong'ona kutoka chini ya shela yake, "Hooyo?" Machozi yalikuwa yanamlenga. Alidhani kweli nimemkataa mume wake.

Nilinyakua kikombe cha maji kilichokuwa karibu nikakinywa chote, kisha kingine. Ulimi ukalainika. Nikavuta pumzi na kupiga vigelegele kwa nguvu zote za tumbo, wanawake wakanipokea, mabati yakaitikia. Binti yangu akacheka huku akijifuta macho. Na tumbo lile lile lililonipa sauti likafungulia kila kitu huku chini. Vidonge viwili, na nililowa chapachapa.

Niliendelea kupiga vigelegele. Ningefanya nini kingine? Kisha nikakaa palepale mpaka mgeni wa mwisho alipoondoka, nikisingizia miguu imekufa ganzi, na waliokuja kunipongeza niliwapa mkono bila kuinuka. Hadi leo binti yangu huwasimulia watoto wake kwamba siku ile nyanya yao alizidiwa na furaha akashindwa kusimama. Wajukuu hunitazama kwa mapenzi, nami huinamisha kichwa.