Kiwiko cha Mama

Kaka yangu alilipata kanisa la kweli Nachingwea mjini, jirani na stendi. Kabla ya hapo, inaonekana, Ukristo ulikuwa bado haujafika huku kwetu. Wamisionari walijenga parokia, shule na hospitali, wengine wakafa kwa malaria, lakini jambo lenyewe wakalisahau: kumzamisha mtu akiwa mtu mzima, na mwili mzima. Kaka alipogundua hilo alipanda bodaboda hadi Malolo, upande wa Ruangwa, kumwarifu mama kwamba kwa miaka zaidi ya sitini alikuwa mpagani.

Mama alikuwa anapepeta ufuta. "Mimi nilibatizwa misheni," alisema. "Bibi yenu alinisimulia. Padri alinimwagia maji, nikalia mpaka misa ikaisha."

"Huko ni kunyunyiziwa, Mama. Hata mchicha unanyunyiziwa."

Nilikuwepo, nimekuja likizo kutoka Nachingwea ninakofundisha shule ya msingi, wala sikumtetea. Wakati ule nami nilikuwa natafuta, na nilishapita makanisa manne. Moja lilikerwa na hereni zangu, jingine na siku niliyokuwa nikisali. La nne lilinihakikishia kwamba yale matatu yamepotea, jambo ambalo yale matatu yalishaniambia kuhusu la nne. Kwa hiyo siwezi kusema hayakuwa na umoja.

Kaka alimwandama mama misimu miwili ya korosho. Mwishowe mama akasema, "Haya. Kama nikizama mtaniacha nipumzike, nitazama."

Tatizo lilikuwa kiangazi. Mto ulibaki mchanga mtupu. Mchungaji wa kanisa la kaka, mtu mpole aliyevaa suti katika joto lile, akaagiza lichimbwe shimo uani kwetu na litandikwe turubai la kuanikia ufuta. Tangu alfajiri tulibeba madumu kutoka kisima cha pampu. Aliyebeba mengi kuliko wote ni jirani yetu, mama wa Kiislamu, rafiki wa mama tangu usichana wao. Waumini wenyewe walikuwa na kazi nzito zaidi ya kuyaombea maji.

"Mwalimu," jirani aliniuliza, akitua dumu, "kwani yale ya kwanza yamekauka?"

Nilichukua dumu tupu, nikarudi kisimani.

Mama aliingia na gauni jeupe, maji yakamfika magotini. Mchungaji akamshika kisogo, akamlaza. Mama, ambaye hakuwahi kuogeshwa na mwanamume kwa kulazwa chali, alishtuka akadaka ukingo wa shimo kwa mkono wa kulia. Aliinuka akikohoa. Mchungaji akasema amina, kwaya ikaanza.

"Bado!" kaka akapaza sauti. "Kiwiko hakikuzama!"

Kwaya ikakatika. Mchungaji alitabasamu. "Mzee wa kanisa, Mungu anaangalia moyo, haangalii kiwiko."

"Kama anaangalia moyo, basi padri wa misheni alikosea nini?"

Ni swali zuri kuliko yote ambayo kaka amewahi kuuliza, na aliliuliza bila kukusudia. Mimi nilicheka kwa sauti, nikakemewa. Mchungaji alifungua Biblia, kaka naye akafungua yake, na waumini wakagawanyika hapohapo: wenye kiwiko upande wa jikoni, wenye moyo upande wa chooni.

Mama alikuwa bado amekaa majini. "Jamani, nitoke au nikae?"

Hakuna aliyemsikia. Jirani yetu ndiye aliyekuja na khanga mbili, akamshika mkono, akamtoa. "Njoo mwenzangu, utapata homa bure."

Mwezi haukuisha, kaka akawa na kanisa lake. Lilikuwa na nguzo nne, bati juu, na jina refu kuliko bati. Waumini walikuwa saba, na sita kati yao ni ndugu wa mke wake. Alitaka kufungua huduma kwa kumzamisha mama upya.

"Nimeshalowa vya kutosha," mama alimjibu, na Jumapili akaenda zake misheni. Nilimsindikiza. Katekista, kijana aliyezaliwa wakati mama ameshapata kipaimara zamani, alitupokea mlangoni kwa heshima zote. Alieleza kwamba bibi aliasi, hivyo kabla ya kukomunika itabidi ahudhurie mafundisho pamoja na watoto wa darasa la nne.

Mama alimtazama. "Mwanangu, Baba Yetu mmeibadilisha?"

"Hapana, Bibi."

"Basi hiyo naijua." Akageuka, tukarudi nyumbani. Njiani, kwa mara ya kwanza, niliona haya kwa utafutaji wangu wote.

Siku hizi anasali chumbani kwake asubuhi, kwa Kimwera, kisha anakwenda shambani na jirani. Mimi niliacha kutafuta, kwa uchovu zaidi kuliko kwa hekima.

Msimu uliopita mtoto wa mwisho wa kaka alishikwa na degedege, akalazwa, na kwa haraka ile kaka hakubagua: alimpeleka hospitali ya misheni. Kesho yake alikuja Malolo, ambako hakuwa amekanyaga karibu mwaka mzima. Alisimama mlangoni bila Biblia.

"Mama, naomba umwombee mtoto."

Safari hii kaka hakumuuliza mama alibatizwa wapi. Mama alipiga magoti, akaomba polepole kwa lugha yake, na kaka akalia kama mtu aliyefiwa.

Mtoto alipona. Kaka alitoa ushuhuda chini ya bati lake kwamba ni nguvu ya maombi ya wale walio katika kweli. Nilipomsimulia mama, alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akanifungia karanga nimpelekee mjukuu wake.