Yule wa Ukutani Aliyeitwa Mama

Nikisikia harufu ya nta ya sakafu hasira hunipanda, na watu wa nyumbani hudhani ni uchovu wa kulea. Si uchovu.

Miaka ile ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, mama alisafisha nyumba ya mzungu nje ya Njoro. Mimi, sijaanza hata shule, niliketi mlangoni mwa sebule, nimekatazwa kukanyaga nta. Ukutani palikuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu, rangi ya chai iliyokolea kwa uzee, iliyopigwa Ulaya kabla reli haijafika Nakuru. Vifungo hadi kidevuni, mdomo kaubana kama aliyekatazwa kucheka. Ni nani? Hata memsahibu hakujua. Aliinunua mnadani mjini kwa kupenda fremu.

Sasa, kwetu Wakikuyu binti wa pili hupewa jina la mama wa mama yake. Mimi nilipewa la nyanya, Wangari, lakini mama hakuniita hivyo. Aliniita "mama". Uji ukiiva, "Shika, mama." Hata akinichapa, "Nisamehe, mama," kisha anachapa. Dada yangu alinuna. Mimi nilivimba kichwa.

Asubuhi moja akaipangusa ile picha polepole, kwa ncha ya leso yake mwenyewe, si kitambaa cha kazi. Akasema kwa sauti ndogo, "Umeamkaje, mama?"

Jamani, wivu ule ungepandwa ungejaza magunia. Niliikanyaga nta kwa miguu yangu ya matope hadi katikati ya sebule.

"Mama ni mimi. Huyo hata si wa kwetu."

Hakunichapa. Alijibu bila kugeuka: "Wewe ni mama mdogo. Leo nataka mkubwa."

Siku nzima aliponiita sikuitika. Jioni akaniita Wangari, kama jirani anavyoita, na lile "mama" hakulirudia tena.

Nilikuwa nimemaliza sekondari, nanyonyesha, dada aliponieleza. Wiki ile ya picha, nyanya alikuwa amefia Nyeri, katika kijiji ambamo askari waliwarundika watu, na mama alinyimwa pasi, kile kibali cha kusafiri, ya kwenda kumzika. Mwanamke asiyejulikana na yeyote alikuwa na fremu na kioo. Nyanya, ambaye kicheko chake kilijulikana hadi ng'ambo ya mto, hakuwahi kupigwa picha hata moja.

Nilidhani mama amempenda yule mzungu wa ukutani. Kumbe alitafuta tu pa kutazama, kwa sababu sura ya mama yake ilikuwa imeanza kumpotea.