Siku Niliyotumwa Petroli

Juzi nilikuwa nikipita Area 18 hapa Lilongwe, hapo vijana wanapooshea magari kando ya barabara, nikamwona mmoja amefungua boneti ya minibasi iliyotoka safarini muda huo huo. Injini bado inafuka joto, naye ameshika brashi na chupa ya mafuta ambayo harufu yake ilinifikia barabarani. Nilishuka kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, kabla haijasimama vizuri. Nikamsihi kijana aweke chupa mbali, angoje gari lipoe. Akanitazama kwa mshangao, akasema, “Zikomo, mama,” yaani asante, labda ili niondoke tu. Niliondoka, lakini siku nzima sikutulia. Ngoja nikueleze kwa nini.

Tulifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi, nikiwa mtoto, wakati vita vya Kongo vilikuwa vikizima kidogo na kuwaka tena. Kambi ilikuwa gereza zamani, na sisi watoto tulicheza kombolela kwenye kuta zilizofungia watu. Mama alisonga bugali, akakaanga usipa, dagaa wa ziwa la huku, na kila siku alinung’unika kwamba usipa si ndagala wa Uvira. Baba alikuwa dereva tangu kwetu. Hapa alipewa kuendesha kamioneti kuukuu ya kanisa, iliyopeleka wagonjwa Lilongwe na kurudi na vitambaa vya mafundi wa cherehani.

Baba hakujua kukaa. Redio ikitaja tu Kivu, mkoa wetu, aliinuka tonge likiwa mkononi, akaenda kufungua boneti na kuosha injini, hata kama aliiosha juzi. Mama alikuwa akisema mume wake ameoa mke wa pili, wa chuma.

Ila aliosha kwa utaratibu wake. Kwanza aliliacha gari mpaka kiganja kiweze kutulia juu ya injini. “Mwenye homa haogeshwi maji ya baridi,” alizoea kusema. Halafu alifungua waya wa batri, akafunika kwa mifuko ya plastiki dinamo, delko inayogawa moto kwa buji, yaani plagi, na mdomo wa kuvutia hewa. Mifuko hiyo niliishika mimi, kifungua mimba wake. Grisi ngumu aliikwangua kwa kijiti, iliyobaki akaisugua kwa petroli kidogo, kisha sabuni ya unga, kisha maji ya kikombe, si ya ndoo. Mwisho aliacha boneti wazi, upepo ukaushe kila kitu, ndipo arudishe waya.

Sasa, lazima ujue kwamba kwetu Kongo petroli ni mafuta ya taa. Yale yanayoendesha gari tunayaita esanse. Hapa Malawi mafuta ya taa ni palafini, na petulo ndiyo esanse yenyewe. Jambo hilo halikutusumbua, kwa sababu petroli tuliinunua kwa mama mmoja wa Fizi, Mkongo mwenzetu, na yeye na sisi tulielewana.

Siku moja redio ilisema Uvira kunapigwa tena. Baba alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Lilongwe. Hakula, wala hakungoja gari lipoe. Akanipa chupa, akanituma petroli haraka. Yule mama wa Fizi alikuwa ameenda msibani, kwa hiyo nilikwenda kwa Mmalawi aliyeuza mafuta kwenye chupa kule barabarani. Nilisema petroli, akasikia petulo, akanijazia kwa moyo mweupe. Nilirudi mbio. Harufu ilikuwa kali, lakini nguo za baba zilinuka hivyo siku zote, sikushtuka.

Baba naye hakunusa. Alimimina kwenye kopo, akachovya brashi, akaanza kusugua huku masikio yakiwa kwenye redio. Waya wa batri hakuufungua. Chuma cha brashi kikagusa batri, cheche ikaruka, na moto ukainuka kama kitambaa kilichopeperushwa. Mkono wa shati lake ukashika.

Nilinyakua ndoo. Nikasikia sauti yake, ya chini kabisa, akiniambia mimi bintiye, “Hapana maji, mama. Rudi nyuma. Ita bantu.” Nikawaita watu kwa mayowe.

Jirani yetu, Mrundi mshona nguo, alikuwa na koti zito la mteja magotini. Alikuja nalo, akamfunga baba mkono mpaka moto ukafa, huku mama na majirani wakitupa mchanga kwenye injini kwa mabeseni na kwa viganja. Moto ulizimika. Nyaya zilikuwa zimeyeyuka. Baba alipelekwa kliniki nyuma ya baiskeli ya kabaza, ameketi kama mzigo, na mimi nikaikimbilia ile baiskeli mpaka pumzi ikaniishia.

Fundi alitoka Lilongwe kurekebisha nyaya, na mkono wa baba ukapona polepole sana. Kamioneti ilihitaji kuoshwa ule mchanga wote. Baba akaketi kwenye kigoda, bandeji mpaka kwenye kiwiko, akaniambia, “Leo we njo utaosha. Mi nitasema.” Basi alisema, na mimi nikafanya: waya, mifuko, kijiti, sabuni, kikombe. Nilipokosea hakunikemea, alisubiri tu.

Katikati ya kazi hiyo nilimuuliza kwa nini injini lazima iwe safi kila siku. 

“Siku tulikimbia, lori ilikataa kuwaka,” alisema. “Bomba ya esanse ilipasuka chini ya grisi. Injini chafu inaficha ugonjwa wake. Ningeiosha, ningeona.”

Nilikumbuka siku ile: kutembea, mama amebeba mdogo wangu mgongoni. Nyanya, mama yake baba, hakuweza kutembea. Niliambiwa angetufuata, wala hakufika. Nikaangalia uso wa baba nikaelewa kwamba lori lile ndilo lingembeba. Alinionyesha kwa kidole pahali nilipokuwa sijasugua.

Kamioneti iliuzwa vipande vipande miaka mingi iliyopita. Uwanja ilipokuwa ikisimama umejaa nyumba, na yule Mrundi alipelekwa ng’ambo pamoja na wanawe. Baba alizikwa pale pale Dzaleka. Baada ya matanga mama alishusha begi lililokuwa limetundikwa juu ya kitanda chao tangu tulipofika. Mlikuwa na nguo za baba za safari ya kurudi kwetu, zimekunjwa vizuri, na chini yake kitenge kipya cha mwanamke mzee, alichomwekea nyanya. Mama alikishika kwa muda mrefu, halafu akakikunja tena kama kilivyokuwa.