Kipimo Alichokubali Babu

Ko, ko, ko. Mlio wa tezo kwenye gogo ulinifikia nikiwa bado nyuma ya shamba la alizeti, nyumba haijaonekana. Nikajua babu yupo, anachonga mzinga wa nyuki, na mikono yake bado ina nguvu. Nikakaza mwendo. Kwenye mkoba nilikuwa na kichupa kilichosafiri kutoka ng'ambo hadi Kinampanda kwa ajili ya mate yake.

Babu hajui kwao. Aliokotwa akiwa mtoto mdogo kwenye stesheni ya Itigi, treni imeshaondoka, akalelewa na warina asali wa hapo. Alipooa alihamia huku kwa wakwe, maana hakuwa na ukoo wa kumgawia shamba. Bibi humtania mpaka leo kwamba yeye aliolewa na mzigo uliosahauliwa na treni. Babu hucheka. Lakini mwaka huu alinipigia simu mwenyewe, akasema anataka kujua baba yake alikuwa mtu wa wapi, na kama kuna ndugu aliyebaki, kabla hajafa. Mimi ndiye mjukuu anayeandika riwaya, kwa hiyo kwake yeye kutafuta watu waliopotea ni kazi yangu.

Niliifanya kwa moyo wote. Nikalinganisha kampuni za kupima DNA usiku na mchana. Moja ilitoa ramani ya rangi za kupendeza, lakini Afrika yetu yote ilikuwa madoa manne, nikaiacha. Nyingine ilikuwa na kanzidata kubwa kuliko zote, na ndugu hupatikana kwa kulinganishwa na watu waliokwisha kupimwa, nikaichagua hiyo. Ya tatu ilikuwa ndogo. Ilifuata ukoo wa kiume, kutoka baba hadi baba wa baba, ila watu wa kwetu ndani yake walikuwa wa kuhesabika. Niliifunga bila majuto.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Umekuja kunichukua?"

"Mchukue, mke mwenzangu," bibi akasema kutoka jikoni. "Hapa ananimalizia sukari tu."

Nilimwonyesha babu kichupa, na alama ambayo mate yanapaswa kuifikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakirudisha mkononi mwangu taratibu.

"Mate yangu huwatemea watoto kifuani ninapowabariki. Wewe nilikutemea ulipokwenda shule. Sasa haya, hao wageni wakishayasoma, wanayapeleka wapi?"

Nilikuwa nimelinganisha kila kitu isipokuwa hilo. Nikapanda kwenye mwamba nyuma ya zizi, ambako mtandao unashika, nikasoma masharti ambayo wengi wetu huwa tunayaruka. Kampuni kubwa ilitunza mate kwa miaka. Ile ndogo haikutaka mate kwenye chupa; ilitaka kijiti chenye pamba kisuguliwe ndani ya shavu, na ukiomba kwa maandishi, kijiti huteketezwa, yanabaki majibu tu.

Nilishuka nikamweleza yote. Kijiti alikikubali mara moja. Likabaki neno moja, nikalisema.

"Kwenye hii ndogo, babu, huenda usimkute ndugu hata mmoja kwa sasa."

Alifuta vumbi la mti magotini.

"Basi nitakuwa wa kwanza kukaa. Pale stesheni niliondolewa mapema mno, labda walirudi kunitafuta. Safari hii nitakaa palepale mpaka waje."

Nikaagiza kipimo hicho, na sijawahi kuwa na hakika na uamuzi wowote kama huo.

Kijiti kilipofika nilirudi Kinampanda. Bibi alimnyima babu chai asubuhi nzima, ili kinywa kiwe safi, akimfuata uani kama mlinzi. Babu alisugua mashavu yake mwenyewe, kwa utulivu wa mtu anayepiga mswaki. Nikaandika ombi kwamba kijiti kiteketezwe, nikaifunga bahasha. Nilitaka kukaa nile ugali kwanza, lakini aliniambia nitakula nikirudi, magari ya kwenda mjini Misigiri hayangoji mtu. Akanibebea mkoba mpaka kizingitini, akanivika begani, na nilipovuka tu akaufunga mlango nyuma yangu, nisije nikageuka.