Mchezo Si Kamari

Kila Jumapili ya mchezo, ukumbi mwembamba wa nyumba tuliyopanga Woolwich, London, ulinuka makoti ya sufu yaliyolowa mvua, na juu yake udi ambao mama aliufukiza mapema ili kuishinda harufu hiyo, asifanikiwe. Wanawake waliingia wakivua viatu, Wazanzibari karibu wote, watunzaji wa wazee na wasafishaji wa maofisi, wakitaniana juu ya nani amenenepa na mtoto wa nani siku hizi anajibu Kiingereza akisemeshwa Kiswahili. Mtoto huyo mara nyingi nilikuwa mimi. Kisha kila mmoja alimkabidhi Bi Salama, kijumbe wao, fungu lake la fedha la mwezi, na papo hapo Bi Salama akampa mafungu yote yule aliyefikiwa na zamu. Hapakuwa na riba wala sahihi. Aliyechelewesha alijua kwamba anamchelewesha mwenzake mbele ya macho ya wote, na hilo lilitosha.

Nilikuwa na miaka tisa mwenye nyumba alipoamua kuuza. Alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mwanza, akituhesabu kuwa watu wa kwao. "Bibi, mimi nazeeka, nauza," alimwambia mama mlangoni. "Lakini wewe kwanza. Mpaka mwisho wa mwezi nakungoja." Mama alikuwa mjane, na nyumba ile ndiyo aliyotaka kuniachia. Akawaomba wenzake zamu yake isogezwe mbele, wakakubali bila mjadala. Akiba yake na fungu la mchezo vikatosha malipo ya awali. Kilichobaki ni mkopo.

Afisa mikopo wa benki alitupokea kwa adabu, na adabu yake ndiyo inayoniudhi kuliko yote kila niikumbukapo. Aliuliza fedha zimetoka wapi. Kiingereza cha mama kilikuwa cha kazini, kilichojua vitanda, dawa na mabasi. Neno mchezo alilifasiri kama lilivyo: gemu.

"Mnacheza gemu ya fedha?" aliuliza yule bwana.

"Ndiyo. Kila mwezi. Miaka mingi, sijakosa."

"Na mara hii umeshinda. Una bahati."

"Si bahati. Ni zamu yangu."

"Kwa hiyo kila mtu hushinda?"

"Kila mtu."

Akacheka. "Basi na mimi nitacheza."

Mama naye akacheka, akidhani amepata rafiki. "Ukitaka, nitamwambia Bi Salama."

Tulipoitwa tena wiki iliyofuata, alitueleza kwamba benki haipokei malipo ya awali yanayotokana na kamari. Neno lile la Kiingereza mama hakulijua, akanigeukia, nikamwambia. Huyu ni mwanamke ambaye hakuruhusu karata zivuke kizingiti chake, na ambaye hata riba ya mkopo wenyewe ilikuwa imemkosesha usingizi kabla hajajiambia kuwa ni dharura. "Mwambie," alisema taratibu, "mimi hata karata sizijui." Nilimwambia. Nilimweleza pia, kwa Kiingereza safi cha shule, jinsi mchezo unavyokwenda na kwa nini hakuna anayeshindwa. Alisikiliza hadi mwisho, akasema jibu la mama limekwisha kuingizwa kwenye faili. Bi Salama alijitolea kuja na wanawake wote wathibitishe. Akajibiwa kwamba haihitajiki.

Nyumba ilinunuliwa na kijana wa Kizungu aliyepewa malipo ya awali na babu yake. Alitusimulia mwenyewe, kwa furaha, alipokuja kupima madirisha. Sina ugomvi naye. Hasira yangu ina anwani: ni kwa wale waliomhoji mama juu ya jasho lake, lakini wasiulize yule babu alizipata wapi fedha zake. Kijana aliiuza nyumba ile baada ya miaka michache, aliyeinunua akaiuza tena, na kila mmoja aliondoka na zaidi ya alichokuja nacho. Sisi tulihamia fleti ya kupanga Croydon, na mama yumo humo hadi leo.

Nimefanya kazi ya maendeleo ya jamii maisha yangu yote ya utu uzima. Nimekaa katika vikao ambamo wenye mabenki huuliza, kwa masikitiko ya kweli, kwa nini familia za watu weusi wa London hazina mali, kana kwamba mali ni mvua iliyokataa kunyesha kwetu. Mwaka huu, baada ya mabishano marefu, mkopeshaji mmoja amekubali mchezo utambuliwe kuwa akiba. Watu walipiga makofi. Nilimpigia simu mama.

"Hongera, mwanangu," alisema. "Na sisi wa zamani je?"

"Ni kwa maombi mapya tu, mama."

"Haya. Usisahau kodi, mwenye nyumba ameshapandisha tena."

Sijapata kuisahau. Kila mwezi kodi ya mama hukatwa katika mshahara wangu, nami humlipia mtu mwingine nyumba yake. Mwanangu anataka kununua nyumba, na ameniuliza nitamsaidia kwa kiasi gani. Benki haitapata shida ya kumhoji fedha zangu mimi mama yake zilitoka wapi. Hazipo.